Taa ya Pikipiki ya Zamani: Umeme Wake Unatoka Wapi?

Katika parokia nyingi za vijijini hapa kanda ya kati, hakuna chombo kinachochoka kama pikipiki ya katekista. Inatoka parokiani kwenda kigango cha mbali, inabeba mtu na vitabu vyake, wakati mwingine na debe la mahindi, na mara nyingi inarudi usiku kwa sababu mafundisho hayawezi kuanza mpaka watu watoke shambani. Pikipiki hiyo ikizeeka, lalamiko la kwanza huwa si la injini. Ni la taa. Mwenyewe atakwambia, "Inatembea vizuri, ila taa haioni." Na jibu analopewa kila anakopita ni lile lile: nunua betri.

Betri inanunuliwa. Honi inalia vizuri kuliko zamani, indiketa zinapepesa kwa nguvu, lakini taa kubwa inabaki vile vile. Miezi kadhaa baadaye inanunuliwa betri ya pili, kwa fedha ambayo ingelipa ada ya mtoto au mbegu za alizeti, na giza liko pale pale.

Ndugu msomaji, sababu yake ni rahisi, ingawa haijulikani sana. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani, taa kubwa ya mbele haipati umeme wake kwenye betri. Inaupata moja kwa moja kwenye injini inayozunguka. Betri ina kazi zake nyingine. Anayebadilisha betri ili taa ing'ae ni sawa na mtu anayejaza maji tangi la jikoni ili bomba la shambani litoke.

Pikipiki ninazozizungumzia

Ninaposema "za zamani" sitazami mwaka ulioandikwa kwenye kadi peke yake. Natazama jinsi umeme wake ulivyopangwa. Mfano bora ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni mfanyakazi na wala si chombo cha starehe. Kabla yake zilikuwepo Honda Cub za cc 50, 70 na 90. Wengine wanaikumbuka Yamaha AG100, au Suzuki A100 na TF125. Pikipiki za aina hii zilizoeleka sana misioni. Ipo hata jumuiya iitwayo MIVA, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1927 na Padre Paul Schulte, ambayo kazi yake ni kuwatafutia wamisionari vyombo vya usafiri, na pikipiki ni mojawapo.

Kisha zikaja pikipiki za Kichina, SanLG, T-Better na ndugu zao, ambazo nyingi zilinakili injini ya CG125. Dukani zilikuwa mpya zinang'aa, lakini mpango wa taa ulikuwa ni ule ule wa kizamani. Hata baadhi ya pikipiki za Kihindi ambazo bodaboda wetu wanazitumia mpaka leo zina mpango huo.

Kujua kama yako ni mojawapo hakuhitaji fundi. Zima injini, washa ufunguo, kisha washa swichi ya taa kubwa. Kama honi inalia na indiketa zinapepesa, lakini taa kubwa haitoi hata dalili ya mwanga mpaka upige kiki, basi taa yako inalishwa na injini. Usihangaike na betri.

Kutoka dainamo ya baiskeli

Mtu aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo hahitaji somo refu. Ukikanyaga kwa nguvu taa inang'aa, ukipanda kilima polepole inakuwa nyekundu kama kaa la moto, ukisimama inazimika. Pikipiki ya zamani ni dainamo hiyo hiyo, kubwa zaidi, iliyofichwa ndani ya injini.

Fungua kifuniko cha upande wa kushoto wa CG125 utaiona. Kwenye ncha ya krenki kuna gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi wengi huliita magneti. Kwa ndani limepangwa sumaku. Katikati yake, bila kuzunguka, kuna chuma kilichofungwa koili za waya wa shaba. Injini inapozunguka, sumaku zinapita mbele ya koili, moja inavuta huku, inayofuata inasukuma kule, na ndani ya waya umeme unazaliwa. Hii ndiyo kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ile ambayo wengi wetu tuliikariri katika Fizikia ya sekondari kwa ajili ya mtihani tu, tukidhani hatutakutana nayo tena.

Koili hizo hazifanyi kazi moja. Kwa kawaida iko ya kulisha moto wa plagi, yenye waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Iko ya taa, yenye waya mnene zaidi. Na iko ya kuchaji betri, ambayo katika pikipiki fulani ni sehemu tu ya ile koili ya taa. Hivyo pikipiki moja ina nyumba mbili za umeme chini ya tangi moja la mafuta.

Nyumba ya kwanza ni ya umeme wa kwenda na kurudi, yaani unaobadili upande kila sumaku inapopita. Huo unatoka kwenye koili, unapita kwenye swichi, unakwenda taa kubwa ya mbele na mara nyingi taa ndogo ya nyuma pamoja na taa ya dashibodi. Hauna ghala. Ukizalishwa unatumika papo hapo, usipozalishwa haupo.

Nyumba ya pili ni ya betri. Betri haiwezi kupokea umeme wa kwenda na kurudi, kwa hiyo njiani panawekwa diodi, kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kama kizuio cha ngozi ndani ya pampu ya baiskeli. Nusu ya mawimbi inapita na kuingia kwenye betri, nusu nyingine inazuiwa. Betri ndiyo inayolisha honi, indiketa, taa ya breki na ile taa ndogo ya kijani inayoonyesha nyutro.

Kwa nini walipanga hivyo? Tupige hesabu kidogo. Globu ya wati 35 kwenye mfumo wa volti 6 inakula karibu ampea 6. Betri ndogo ya pikipiki hizo ilikuwa ya ampea-saa 4 hivi. Kama ingeachiwa taa hiyo peke yake bila kuchajiwa, ingekwisha kabla ya dakika 40. Ili betri ibebe taa, ingebidi iwe kubwa, nzito na ya gharama, na koili ya kuichaji iwe na nguvu maradufu. Waliotengeneza waliona heri taa ijitegemee. Matokeo yake ni pikipiki ambayo betri yake inaweza kufa kabisa kule Mpwapwa au Manyoni, mbali na duka, na bado unapiga kiki, inawaka, unarudi nyumbani na taa. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara, na wanaoucheka leo hawajawahi kulala njiani.

Mwanga unapokukimbia

Lakini uamuzi huo una bei yake, na bei hiyo inalipwa usiku.

Nguvu ya umeme wa koili inafuata mwendo wa injini. Injini ikiwa sailensa inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Ukiwa safarini inazunguka mara 4,000, 5,000, hata zaidi. Kwa hiyo ukiachia mafuta, volti zinaporomoka. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: mwanga wa globu ya waya hauporomoki sawasawa na volti, unaporomoka haraka zaidi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Volti zikibaki nusu, mwanga unaobaki ni kama sehemu moja tu ya kumi. Globu inabaki na rangi ya chungwa, inaonekana kama inawaka, lakini barabarani haitui kitu.

Sasa tafakari ni wapi mtu anaachia mafuta. Anaachia anapokaribia korongo la mchanga. Anaachia anapoona macho ya ng'ombe. Anaachia kwenye mashimo, kwenye daraja lililokatika, kwenye tope jeusi la mbuga za Bahi wakati wa masika. Taa inapungua mahali pale pale unapoihitaji zaidi, na inang'aa kweli kweli kwenye barabara iliyonyooka ambapo ungeweza kuona hata kwa mbalamwezi. Dereva mwoga anapunguza mwendo, haoni, anapunguza tena, anazidi kutoona. Dereva jasiri anajifunza kwamba akikaza mafuta anaona, basi anakaza mafuta. Ajali nyingine za usiku tunazozihesabu kuwa ni za ulevi au uzembe huenda zilianzia hapo, kwa mtu aliyekuwa anatafuta mwanga.

Dawa ya kwanza haigharimu hata shilingi: ni gia. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa unaweza kuupata kwa gia ya nne injini ikiguna, au kwa gia ya pili injini ikizunguka kwa furaha. Barabarani mwendo ni ule ule, lakini taa haiko sawa. Kabla ya kuingia korongoni, shusha gia mapema, wacha injini ibaki juu, na taa itabaki nawe. Kwa sababu hiyo hiyo, tabia ya kutia nyutro kwenye mteremko ili kuokoa petroli ni mbaya mchana na ni mbaya maradufu usiku. Katika miteremko ya milima ya Kondoa, mtu anayeteleza kwa nyutro anashuka kwa kasi akiwa na taa ya sailensa. Petroli anayookoa haijazi hata kizibo cha soda.

Mwanga unapozidi

Upande wa pili wa tatizo ni globu kuungua. Kuna pikipiki ambayo kila mwezi inaungua globu, na mwenyewe anaamini kwamba globu za siku hizi ni feki. Feki zipo, tena nyingi. Lakini kabla ya kulaumu duka, tutazame kinachotokea kwenye waya.

Katika pikipiki za zamani kabisa hapakuwa na kifaa cha kuzuia volti zisizidi. Watengenezaji walitegemea mambo mawili. La kwanza ni tabia ya koili yenyewe: kadiri umeme unavyobadili upande kwa haraka, ndivyo koili inavyoupinga zaidi, kwa hiyo injini ikienda mbio sana umeme hauongezeki tena kwa kasi ile ya mwanzo. La pili ni globu yenyewe. Koili ilipimwa na globu ya wati fulani, kama ng'ombe wawili waliozoeana kwenye jembe moja. Globu ya wati 35 ikiwepo, inakula umeme na kuzishika volti mahali pake. Ukiweka ya wati 15 ukidhani unaipunguzia pikipiki mzigo, volti zinapanda, na globu yako ndogo inakufa. Volti zikizidi kwa asilimia 10 tu, maisha ya globu yanashuka hadi karibu theluthi ya yale ya kawaida.

Hapo ndipo unapopata jibu la fumbo ambalo bodaboda wengi wamelishuhudia: kwa nini taa ya mbele na ya nyuma huungua usiku mmoja? Si uchawi. Globu ya mbele inakatika ukiwa mbio. Umeme wote uliokuwa unaliwa na wati 35 unabaki bila mlaji, volti zinaruka, na globu ya nyuma ya wati 5 haiwezi kustahimili hata dakika. Ndani ya muda mfupi uko gizani mbele na nyuma. Ndiyo sababu pia swichi ya kubadili taa kutoka chini kwenda juu, katika nyingi ya pikipiki hizi, imetengenezwa ishike upande mpya kabla haijaachia wa zamani, ili koili isikae bila mzigo. Swichi iliyochakaa ikaacha pengo katikati inaweza kuua globu kila unapompisha mwenzako barabarani.

Pikipiki zilizofuata, pamoja na nakala nyingi za CG125, zilipewa kifaa cha kudhibiti volti. Ni kile kiboksi kidogo chenye mapezi ya aluminiamu na waya nne, ambacho mafundi wengine hukiita rektifaya kwa sababu ndani yake mna pia ile diodi ya kuchaji betri. Kwa rangi za Honda, ambazo Wachina nao walizifuata, waya mweupe unatoka koili ya kuchaji, wa njano unatoka koili ya taa, mwekundu unakwenda betri, na wa kijani ni ethi. Volti zikizidi, kifaa kinazimwaga ethi na kuzigeuza joto. Ndiyo maana kina mapezi, na ndiyo maana kinapaswa kufungwa mahali penye upepo.

Angalia vizuri huo waya wa kijani. Ukilegea, ukishika kutu, au fundi akipaka fremu rangi mpya na kufunga boksi juu ya rangi, kifaa hakina pa kumwaga, na ni kama hakipo. Kwa hiyo pikipiki inayoungua globu mara kwa mara ianze kuchunguzwa hapo, kwa kipande cha msasa na bisibisi, kabla ya kununua globu ya tatu.

Betri nayo ina sehemu yake katika hadithi hii. Katika pikipiki za zamani zisizo na kidhibiti, betri ndiyo inayomeza ziada ya umeme wa upande wake. Ikifa au ikiondolewa, volti za upande huo zinapanda, na globu za indiketa na breki zinaanza kukatika. Nayo inahitaji kutazamwa maji yake hasa katika joto letu la Oktoba na Novemba. Iongezwe maji ya betri ya dukani. Maji ya visima vyetu vingi vya Dodoma yana chumvi, kila anayechemshia chai anaona utando mweupe kwenye sufuria, na chumvi hiyo inaharibu sahani za ndani.

Kutu, vumbi na nusu volti

Tukirudi kwa yule mwenye taa hafifu, mara nyingi koili yake ni nzima. Kinachomwibia mwanga ni njia.

Vumbi letu jekundu ni laini kiasi cha kuingia ndani ya soketi iliyofungwa. Mtikisiko wa barabara yenye mawimbi unalegeza viungio. Mvua ya Desemba inaleta kutu. Kila kiungio kibovu kinakula volti kidogo, na kidogo hicho kina uzito kuliko tunavyodhani. Katika mfumo wa volti 6, kiungio kinachopoteza nusu volti kimechukua asilimia 8 ya volti, na kwa kanuni tuliyoiona, karibu robo ya mwanga. Viungio viwili vya namna hiyo, na umebaki na nusu ya taa. Katika mfumo wa volti 12, globu ya wati zile zile inatumia nusu ya ampea, kwa hiyo kiungio kile kile kinapoteza robo volti tu kati ya volti 12, hasara ambayo jicho halitaiona. Hii ndiyo sababu kubwa ya watengenezaji kuhama kutoka volti 6 kwenda 12.

Mtu mwenye Honda ya volti 6 anaweza kupata mabadiliko makubwa kwa alasiri moja ya kazi. Afungue taa ya mbele, asafishe soketi ya globu kwa msasa, asafishe na kukaza viungio vyote vya waya wa njano na wa kijani, afungue swichi na kuondoa vumbi, kisha avute waya mmoja wa ziada wa ethi kutoka kwenye soketi ya taa hadi kwenye boliti ya injini, kwa sababu ethi inayopitia kwenye usukani wenye grisi na kutu si ya kuaminika. Atazame pia kile kioo cha ndani cha duara. Kikiwa kimechubuka na kupoteza mng'ao, hata umeme wa Mtera hautakisaidia.

Kama bado taa ni hafifu, sasa ni zamu ya mita. Ipimwe kwenye waya wa njano, globu ikiwa imeunganishwa na injini ikiwa imepandishwa resi. Mita iwekwe upande wa umeme wa kwenda na kurudi. Nalisisitiza hili kwa sababu koili nzima zinahukumiwa bure: fundi anaweka mita upande wa betri kwa mazoea, anaona sifuri au namba isiyo na maana, anatangaza kwamba koili imekufa. Mfumo wa volti 12 wenye kidhibiti unapaswa kuonyesha karibu na 12 hadi 14. Ukipata chini sana ya hapo huku viungio ni safi, basi hapo ndipo koili ichunguzwe, au sumaku zenyewe. Sumaku huweza kudhoofika kwa kupigwa. Fundi akitaka kulitoa gurudumu la magneti kwa nyundo badala ya pula, mzuie kwa heshima.

Hizi taa mpya za LED

Wengi wanaona njia ya mkato ni LED. Nimeulizwa swali hili mara nyingi. Zinafaa, lakini haziwezi kuchomekwa tu na kusahauliwa. LED ya kawaida inataka umeme wa njia moja uliotulia. Ukiiweka kwenye waya wa njano itatetemeka kwa mwendo mdogo, na volti zikipanda itakufa. Zipo zilizotengenezwa kupokea umeme wa aina zote mbili, na muuzaji mwaminifu atakwambia. Hata hizo, katika pikipiki isiyo na kidhibiti, zinaleta tatizo tulilokwisha kuliona: LED ya wati 10 inamwachia koili umeme wa ziada, na taa ya nyuma ndiyo inayolipa. Kisha nyingi za bei nafuu hazitui mwanga mahali pa globu ya waya, hivyo zinamwagika kila upande. Mwenye nayo anaona kumeng'aa, anayekuja mbele haoni chochote.

Wengine wanakata waya wa njano na kuifunga taa kubwa kwenye betri. Kwa siku chache ni raha. Lakini koili ya kuchaji haikupimwa kubeba mzigo huo, na baada ya safari mbili tatu za usiku betri inalala, pamoja na honi na taa ya breki.

Njia kamili ipo, na fundi wa umeme anayejua kazi anaiweza. Ncha ya koili ya taa iliyolehemewa kwenye chuma cha ethi inafunguliwa na kuvutiwa waya wake wa kutoka nje. Kidhibiti cha zamani kinaondolewa, kinawekwa kinachopokea ncha zote mbili na kutumia mawimbi yote badala ya nusu. Baada ya hapo umeme wote wa taa unaingia kwenye betri ya volti 12, na taa zote zinatoka humo, ziking'aa sawa hata injini ikiwa sailensa. Kwa pikipiki inayotembea usiku kila wiki ni kazi inayostahili gharama. Kwa ile inayotoka Jumapili asubuhi tu, msasa na waya wa ethi vinatosha.

Injini inapozimika

Limebaki jambo moja ambalo linafaa kujulikana na kila anayepanda, hata asiyependa ufundi. Pikipiki ya aina hii ikizimika, taa ya mbele na ya nyuma zinazimika papo hapo. Hakuna akiba. Barabara kuu ya Morogoro na ile ya Singida zinapitisha usiku kucha malori yaendayo Rwanda na Burundi, na dereva aliye juu ya lori hana namna ya kukuona umesimama gizani unatafuta tatizo la plagi. Indiketa zinategemea betri, kwa hiyo kama betri ni nzima, washa ya upande mmoja iendelee kupepesa. Sukuma pikipiki nje ya lami kwanza, na kiki ipigwe huko huko pembeni. Utepe wa kuakisi mwanga uliobandikwa kwenye madigadi ya nyuma na kwenye kofia hauhitaji koili wala betri. Taa ya lori lenyewe ndiyo inayouwasha.